Maikrowevu ya Motahomu Ni Kifaa cha Gari Kuliko cha Jikoni

Ukiondoa injini, hakuna kifaa kinachofanya kazi zaidi ndani ya motahomu yetu kuliko maikrowevu. Nikisema hivyo mbele ya wageni, huguna. Picha waliyo nayo ni ya mtu aliyeegesha nyumba yake ya magurudumu chini ya miti, amekoka moto, anageuza nyama. Hayo yapo, na sisi huchoma mishikaki pale kambi inaporuhusu moto. Lakini sehemu kubwa ya safari ni barabara. Sisi ni watu wa Tanga tunaoishi Texas, tunakula halali, na kwenye barabara kuu ya I-40 kutoka Amarillo kwenda Arizona mtu anaweza kuendesha nusu siku asipate mahali pa kula pasipo na maswali. Kwa hiyo mama watoto hupika kabla hatujaondoka: pilau, maharage ya nazi, mbaazi, kuku, chapati. Vinagandishwa kwenye vyombo, vinapangwa kwenye friza ndogo ya gari, na huko njiani maikrowevu ndiyo inayotulisha.

Yetu imefungwa juu ya jiko la gesi la plati tatu. Ni ya kazi mbili: inapasha kwa mawimbi, na ukibonyeza kitufe kingine inageuka oveni ya hewa moto. Kwa sura haina tofauti na ya nyumbani, na kwa ndani pia tofauti ni ndogo sana. Kilichobadilika ni mahali ilipofungwa. Ipo ndani ya chumba chenye urefu wa mita nane na nusu kinachotikisika, kinachogawana umeme kidogo, maji kidogo na hewa kidogo. Ndiyo maana nimezoea kuihesabu pamoja na matairi na betri, si pamoja na masufuria.

Niseme kwanza habari ya umeme, kwa sababu hapo ndipo wageni wote wa motahomu hukwama.

Gari letu ni la ampea 30. Ukichomeka kebo kwenye nguzo ya umeme ya kambi unapata volti 120 kwa ampea 30, jumla wati 3,600, basi. Magari makubwa ya ampea 50 huletewa nyaya mbili za moto, kila mmoja na ampea zake 50, yaani wati 12,000. Wenye magari hayo wanaweza kuruka aya hizi. Kwetu sisi kiyoyozi cha darini kinakula ampea 13 hivi. Hita ya maji ikiwashwa kwa umeme inakula 12. Maikrowevu nayo 13. Jumlisha, halafu ongeza kile kinachochaji betri kimyakimya siku nzima, na utaona kwamba viwili vinakaa pamoja kwa shida na vitatu haviwezekani.

Linalowapoteza wengi ni ile namba ya mbele. Maikrowevu imeandikwa wati 1,000, na mtu anapiga hesabu kwa 1,000. Hizo ni wati zinazoingia kwenye chakula. Inachovuta kutoka ukutani ni kama wati 1,500. Tofauti yake inaishia kuwa joto kwenye magnetroni, ile inayozalisha mawimbi, na kwenye transfoma, na kidogo inaendesha feni na taa. Namba ya kweli iko kwenye kibandiko cha nyuma au kwenye fremu ya mlango, kwa herufi ndogo.

Na kupunguza nguvu hakupunguzi mzigo. Ukiiweka nusu, maikrowevu ya kawaida huwaka kwa nguvu zote sekunde kadhaa, huzima, kisha huwaka tena. Sikiliza, utausikia mlio ukija na kuondoka. Breka, ile swichi inayokata umeme mzigo ukizidi, haijui habari ya nusu. Inaona ampea 13 zimefika. Ziko maikrowevu zenye inveta yake ndani ambazo hupunguza kweli, lakini zilizomo kwenye motahomu za zamani nyingi si za aina hiyo.

Kwa hiyo kwetu kuna utaratibu wa kusema kabla ya kubonyeza. "Baba Zuhura, zima hewa, napasha." Najibu, "Tayari." Dakika tatu baadaye, "Washa." Hata mwanetu Idi, ambaye nyumbani hajawahi kuzima taa ya chooni maishani mwake, huku anasema kwanza. Sababu anaijua: breka ya ndani ikikatika unaibonyeza tu, lakini ya kwenye nguzo ikikatika mtu anatoka nje, na mara nyingi ni usiku na mvua inanyesha na kandambili hazionekani.

Halafu kuna suala la volti, ambalo nilifundishwa na mzee mmoja mstaafu, jirani yetu wa kambi moja ya zamani huko Oklahoma. Ilikuwa Julai, alasiri, kila gari linaunguruma kiyoyozi. Pilau iliyopashika vizuri asubuhi ilikuwa inazunguka na kuzunguka, pembeni moto, katikati barafu. Mke wangu akasema maikrowevu imekufa. Yule mzee, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, akaja na kipima volti kidogo cha kuchomeka kwenye soketi. Kikasoma 106. Akatuambia hakijafa kitu. Kambi nzima inanyonya waya mmoja uliofungwa enzi ambazo watu walikuja na mahema, na umeme unafika kwetu umechoka. Volti zikishuka, nguvu ya mawimbi inashuka nazo. Akatushauri tuwashe jenereta au tungoje jua lizame, na zaidi ya yote tuzime kiyoyozi, kwani kompresa yake ndiyo inayoumia kweli umeme ukishuka chini ya 105 hivi.

Nikanunua kipima volti wiki hiyo hiyo. Ni bei ya sahani ya chipsi, na kinakaa kwenye soketi ya jikoni muda wote. Ninakitazama kabla ya maikrowevu kama rubani anavyotazama saa zake.

Jenereta nayo ina mambo yake. Yetu ni ya wati 4,000, lakini hizo ni wati za usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, na injini ya jenereta inakosa pumzi. Inapoteza takribani asilimia 3.5 kwa kila mita 300. Ukingo wa kusini wa Grand Canyon uko kwenye mita 2,100 hivi. Piga hesabu: robo ya nguvu imekwenda, umebaki na wati 3,000 na ushei. Bahati ni kwamba huko juu kiyoyozi hakihitajiki sana. Kambi ya Mather iliyo pale ukingoni haina nguzo za umeme kabisa; Trailer Village ya jirani yake inazo, lakini nafasi huisha mapema. Na Mather jenereta huruhusiwa kwa saa maalumu tu, si wakati wowote upendao.

Saa hizo ndizo zilizotufanya tufikirie betri. Mwaka 2024 Ramadhani ilianza Machi, ikaangukia likizo ya watoto, tukaenda Grand Canyon hivyo hivyo. Msafiri ana ruhusa ya kuacha kufunga akalipa baadaye, lakini mama mkwe alikuwa nasi, na mama mkwe haachi. Daku ni alfajiri, nje baridi inauma, jenereta ni marufuku, na kiporo cha wali na maharage kimeganda. Kuwasha jiko la gesi alfajiri ndani ya gari lililofungwa madirisha maana yake ni kuamsha kila mtu kwa mvuke na harufu, na huenda king'ora cha moshi kikawamalizia. Maikrowevu kwa inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ndiyo iliyokuwa njia.

Hesabu yake ni hii. Wati 1,500 kutoka betri ya volti 12, ukiongeza zinazopotea kwenye inveta, ni karibu ampea 140. Ni nyingi mno. Nyaya za kufikisha mkondo huo ni nene kama kidole. Lakini ni za muda mfupi: dakika 5 ni ampea-saa 12 tu. Betri zetu za maji na risasi zina ampea-saa 220, na hutakiwi kuzishusha chini ya nusu ukitaka zidumu, kwa hiyo una 110 za kutumia. Kwa karatasi, daku ni kitu kidogo. Kwa kweli, betri za risasi zikivutwa kwa nguvu hivyo kwenye baridi, volti inazama ghafla na inveta inapiga kelele ya betri chini hata kama betri hazijaisha. Dawa yetu ilikuwa kuyeyusha chakula tangu usiku kwenye friji, kukigawa sahani moja moja, na kupasha dakika moja na nusu, kupumzika, kupasha tena. Mama mkwe alikula daku yake moto. Wenye betri za lithiamu hawana taabu hii, na siku pesa ikiruhusu nasi tutahamia huko.

Inveta yenyewe iwe ya wimbi safi, yaani itoe umeme laini kama wa nyumbani. Mwenye gari wa kwanza alikuwa amefunga ile ya bei rahisi yenye wimbi la ngazi ngazi. Ukiwasha maikrowevu kwayo inanguruma kwa sauti nzito, inachemka mgongoni, na chakula kinachelewa. Ile tuliitoa.

Sasa mapishi, ambayo sitayarefusha, kwa kuwa kila nyumba ina yake. Chapati ifungwe kwa karatasi ya jikoni iliyoloweshwa kidogo, sekunde 20, basi. Zaidi ya hapo unapata ngozi ya ngoma. Maharage ya nazi yafunikwe na kukorogwa katikati, maana nazi inapenda kurusha. Kiazi kitamu kitobolewe kwa uma pande zote. Yai lenye ganda, hapana, na yai la kuchemsha lililomenywa pia hapana. Linaweza kupasuka likiwa tayari mkononi mwako. Ukiwa juu milimani ongeza maji kidogo na muda kidogo: kwenye mita 2,100 maji yanachemka kwa nyuzi 93 hivi, yanakauka upesi, na wali wa kiporo unakuwa punje punje. Samaki wa kupaka tunakula nyumbani. Kwenye motahomu harufu yake inaingia kwenye mito ya viti na pazia, na mnalala nayo.

Chai ya maziwa inahitaji neno la pekee, kwa sababu ya mahali maikrowevu ilipo. Waliobuni kuiweka juu ya jiko hawakumfikiria mwanamke wa kimo cha mke wangu. Mlango uko usawa wa macho yake, sahani ya kioo iko juu ya kidevu. Kikombe cha chai kinachotoka pale kinapita mbele ya uso. Na maji yaliyopashwa kwa maikrowevu ndani ya kikombe kipya laini yanaweza kupita kiwango cha kuchemka bila kutoa povu hata moja. Ukitia sukari au kukitikisa, yanafumka yote kwa mara moja. Weka kijiko cha mti au pakiti ya majani ya chai ndani kabla ya kupasha, acha kitulie nusu dakika, na usimtume mtoto. Kwetu chai inachemshwa kwenye gesi, bila mjadala.

Na gari likiwa linatembea, maikrowevu haiguswi. Watoto watasema jenereta inawaka, kiporo kipo, kwa nini tusile? Kwa sababu mtu akisimama kupasha amefungua mkanda, na dereva akikanyaga breki bakuli la mbaazi moto linakuwa na safari yake. Tunasimama kwenye maegesho ya mapumziko, tunakula, tunaswali, tunaendelea.

Kabla ya kuondoka kambini, sahani ya kioo hutolewa pamoja na kile kiduara chenye magurudumu kilicho chini yake. Vinaviringishwa kwenye taulo na kulazwa chini ya mto wa kitanda cha nyuma. Ukiviacha ndani, kwanza kuna kelele ya kukera isiyokoma, pili siku moja utakuta vipande. Kioo hicho kinapatikana madukani lakini lazima ujue kipenyo na umbo la kitovu chake, na katikati ya New Mexico hakuna duka la kukupimia. Wapo wanaoweka mikate ndani ya maikrowevu wakiwa safarini kwa sababu kabati ni chache. Mimi siipendi tabia hiyo: mlango unaweza kufunguka kwenye kona, na mtoto akibonyeza kitufe kwa bahati mbaya ama mkate unaungua ama, kama ilikuwa tupu, mawimbi yanarudi kwenye magnetroni na kuichosha.

Mtikisiko unalegeza pia vitu usivyoviona. Mwanzo wa kila msimu ninafungua kabati la juu na kukaza bolti zinazoishikilia, na ninaisukuma plagi yake ndani ya soketi. Plagi iliyolegea inacheza, inapata joto, inaungua pole pole. Wakati huo huo naangalia kifuniko cha tundu la hewa kilicho nje ya ukuta. Magari mengi yana vile vizibo vidogo vya kukifunga kisipigepige barabarani. Kisipofunguliwa, feni inazunguka bure na mvuke wote unarudi ndani kutiririka kwenye madirisha.

Tukija kwenye usafi, motahomu inakulazimisha kuwa na adabu ambayo nyumbani huna. Maji yapo kwenye tangi, na ukiyatumia yanakwenda kwenye tangi lingine la maji machafu ambalo nalo linajaa. Mafuta ukiyamwaga kwenye sinki hayaendi popote. Yanakaa chini ya sakafu yako yakinuka hadi utakapofika mahali pa kumwaga. Kwa hiyo mafuta yanafutwa kwanza kwa karatasi, karatasi inakwenda kwenye taka, ndipo kitambaa kinafuata.

Kitu cha maana kuliko vyote ni muda. Tone la mchuzi likifutwa ndani ya dakika mbili linatoka kwa kitambaa kibichi. Likiachwa, kisha mtu akawasha ile oveni ya hewa moto kuoka mkate, linaokwa pamoja na mkate, na hapo umepata ukoko wa kudumu. Hii ndiyo shida ya maikrowevu za kazi mbili ambayo wauzaji hawaitaji. Sheria ya kwetu: kabla ya kuwasha oveni, kwanza pitisha kitambaa ndani, hata kama unaona pasafi. Na vyombo vifunikwe. Mfuniko wa plastiki wenye matundu unaokunjika umetuokolea maji mengi kuliko kitu kingine chochote, ila huo utoke kabla ya oveni kuwashwa.

Ukoko ukishakuwepo, mvuke ndio unaoutoa. Bakuli la maji kikombe kimoja, vijiko viwili vya siki au ndimu iliyokatwa vipande na kijiko cha mti ndani yake, dakika tatu au nne mpaka kioo cha mlango kiwe na ukungu. Halafu usifungue. Acha dakika tano. Watu hukosa subira hapo, na mvuke uliotakiwa kulainisha unatoka nje kumlainisha mke wako nywele. Ukifungua, sahani na kiduara vinatolewa, unafuta dari kwanza, kuta, kisha chini. Maji yale ya ndimu yaliyobaki ninayatumia kufutia jiko la gesi chini yake. Hakuna tone linalopotea. Kazi hii tunaifanya tukiwa tumechomeka kwenye nguzo, si kwa betri.

Pakiwa pagumu zaidi, bekingi soda na maji kidogo, uji mzito, unapaka na kungoja. Usiipake karibu na matundu ambayo hewa moto inatokea. Dawa za kupuliza zisipulizwe ndani moja kwa moja. Zitaingia kwenye matundu hayo na mtakula moshi wake safari ijayo. Puliza kwenye kitambaa. Chuma cha kusugulia sufuria hakigusi humu kamwe: vinyweleo vyake vinabaki kwenye kona, na siku ya kupasha vinapiga cheche.

Ukutani kwa ndani, mara nyingi upande wa kulia, kuna kipande cha rangi ya kijivu au kahawia kinachofanana na karatasi ngumu. Wengi hudhani ni mabaki ya kifungashio na kukibandua. Ni maika, madini yanayopasuka kwa matabaka, na kazi yake ni kuziba mlango ambao mawimbi yanaingilia ili mafuta yasifike kwenye magnetroni. Kifute polepole kwa kitambaa kilichokamuliwa. Kikishika mafuta yaliyoungua kinaanza kutoa cheche, na hapo hakisafishwi tena, kinabadilishwa. Maika huuzwa kwa karatasi, unakata kwa mkasi kwa kipimo cha ile ya zamani.

Mlango nao si wa kupuuzwa. Ukingo wake na bawaba vikusanye makombo uone: hautafunga sawa. Kanuni za Marekani zinataka mawimbi yanayovuja yasizidi miliwati 5 kwa sentimita moja ya mraba ukipima kwa umbali wa sentimita 5 hivi, kwa maisha yote ya kifaa, na huo ni mpaka wenye nafasi kubwa ya usalama. Lakini kifaa kinachotikiswa maelfu ya kilomita si kile kilichopimwa kiwandani. Mlango uliopinda au uliovunjika kishikio, maikrowevu hiyo haitumiki, na usiifungue mwenyewe. Ndani mna kapasita ya volti za juu inayoweza kuua hata plagi ikiwa imechomolewa.

Chini yake, kwa kuwa iko juu ya jiko, kuna vichujio vya alumini vinavyodaka mafuta ya kukaangia. Hivyo vinatoka kwa kidole. Loweka kwenye maji ya moto na sabuni ya vyombo, suuza, kausha kabisa, rudisha. Sabuni kali za kusafishia oveni zinaifanya alumini iwe nyeusi. Nyuma yake, kwa gari ambalo feni yake inarudisha hewa ndani badala ya kuitoa nje, kuna kichujio cha mkaa. Hicho hakioshwi. Kikichoka, unaweka kipya.

Niliujua umuhimu wa kichujio cha mkaa siku ya bisi. Idi aliweka mfuko wa bisi, akabonyeza dakika alizoona zinatosha, akaenda kubishana na dada yake. Nyumbani ungefungua madirisha, jioni harufu imekwisha. Kwenye motahomu moshi ule ulipanda kitandani juu ya dereva, ukalala kwenye godoro, ukakaa. Siki ilichemshwa, kuta zikafutwa, vichujio vikaoshwa, bekingi soda ikawekwa ndani usiku kucha na mlango wazi, na bado kila tulipowasha feni tulisikia bisi. Mama watoto ndiye aliyepagundua: "Hiyo harufu inatoka huko juu, haitoki ndani." Tukaweka kichujio kipya cha mkaa, harufu ikaisha.

Harufu si suala la pua tu. Huko kwenye hifadhi ya Yellowstone, kambi ya Fishing Bridge huruhusu magari yenye kuta ngumu pekee, hakuna hema wala gari la turubai, kwa sababu ni eneo la dubu wakubwa. Unapokuwa mahali pa namna hiyo hauachi bakuli lenye mafuta ndani ya maikrowevu na dirisha wazi. Nyumbani adui ni mdogo zaidi. Gari likilala majira ya baridi, panya wanapenda lile pango lililo nyuma ya maikrowevu: kuna joto la nyaya, giza, na makombo yaliyodondoka kabatini. Tunafyonza makombo mpaka ndani ya kabati la juu, tunaacha mlango wa maikrowevu wazi kidogo ili pasiote ukungu, na plagi inachomolewa.

Mwaka jana ilianza kutoa mlio mbaya na kupasha nusu nusu, volti zikiwa nzuri, tukaamua kuibadilisha. Hapo nikajifunza kupima mlango wa gari kwanza. Maikrowevu ya kwanza kuuzwa duniani, mwaka 1947, ilikuwa na kimo cha mtu na uzito wa kilo 340 hivi. Za leo ni ndogo, lakini mlango wa motahomu nao ni mwembamba, na boksi likiwa na kona zake za povu gumu halipiti. Pima tundu la kabati, kina chake, na nafasi ya hewa inayotakiwa pande zote. Kisha angalia ile namba ndogo ya wati zinazovutwa. Dukani watakusifia kubwa zaidi. Kwa ampea 30, ndogo ndiyo nzuri.

Shemeji yangu aliyeko Tanga akasikia tunabadilisha. Kuna kontena linaondoka, akasema, ile ya zamani itupieni humo, fundi wa huku ataitengeneza. Nikamweleza kwamba hii ni ya volti 120 na mizunguko 60, huko ni 230 na 50. Hata ukiiwekea transfoma ya kushusha volti, transfoma yake ya ndani itachemka kwa ile mizunguko ya 50. Akanyamaza kidogo kwenye simu.

"Na magodoro ya hilo gari, shemeji," akauliza, "nayo yana volti?"